Migomba ya Mgeni Rasmi

Nyumbani kwa marehemu, kule Buhongwa, walikuwa wameweka picha juu ya meza yenye kitambaa cheupe, karibu na jeneza, na kila aliyepita kuaga aliinama kuitazama. Ni picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, imekuzwa na kutiwa kioo kipya. Mgeni Rasmi aliyetoka Dar es Salaam amesimama kwenye baraza la wodi ya watoto, na pembeni yake, shingo imenyooka kama mtu anayepimwa shati kwa fundi, amesimama marehemu mwenyewe, ambaye miaka ile sote tulimwita Ndugu Katibu. Nyuma yao kuna dirisha la kioo, na ndani ya dirisha anaonekana mtoto mmoja kitandani, shavu limevimba, anaitazama kamera. Huyo ni mdogo wangu Deo. Upande wa pili wa dirisha kuna jani kubwa la mgomba tu. Kwenye kona ya picha umeingia mkono wa mwanamke, umeinuliwa juu, mwenyewe haonekani. Mjukuu wa marehemu, kijana mwenye adabu na viatu vinavyong'aa, alinieleza picha hiyo akidhani sikuijua. "Unaona, bibi? Hata akina mama walikuwa wanamshangilia." Nikamwambia naona. Nilikuwa nimekuja kwa sababu Deo aliniomba nimsindikize, na Deo alikuwa amekuja kwa sababu familia ilimwomba aseme maneno machache kaburini, yeye akiwa ndiye mtoto ambaye marehemu alimwokoa. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi ya ratiba ya mazishi. Niliisoma mara mbili nikaikunja, nikaikalia, maana kiti cha plastiki kilikuwa kimelowa na mvua, na sikuona kazi nyingine ambayo karatasi ile ingeweza kufanya.

Habari za wazazi wetu sitazieleza. Walikuwa na sababu zao za kutokuwepo. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari, niko tu Igogo, hapa Mwanza, msichana wa kuangalia chini, na Deo alipoanza kuvimba taya nikapewa nimwuguze. Ugonjwa ule uliwapata watoto wa kandokando ya ziwa. Ulianza kama jino bovu, watu wakaling'oa jino, na uvimbe ukaendelea kukua kama vile umepewa nafasi. Hospitali tuliyopelekwa sitaitaja. Ilikuwa na sindano mpya ya ugonjwa huo, na ilikuwa na daktari mmoja aliyejua kuitumia, kijana mpole aliyezungumza na sisi wauguzaji kana kwamba tulikuwa na akili. Alituweka mbele ya mlango wa chumba kidogo mwishoni mwa wodi, chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mashuka, akatueleza polepole. "Hii sindano inaua uvimbe. Lakini inaua na askari wa damu. Wakishakufa wale askari, mpaka wazaliwe wengine, mtoto anakuwa kama nyumba isiyo na mlango. Ile kuvu unayoiona kwenye mkate uliolala, kwenye udongo wenye maji, kwenye majani yanayooza, wewe unaivuta puani kila siku na haikufanyi kitu. Yeye inaweza kumwotea ndani ya kifua." Kisha akatufundisha. Udongo usiingie chumbani. Maua yasiingie. Fagio la nyasi lisiingie, sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji na dawa ili vumbi lisiruke. Maji yachemshwe, chakula kiliwe kikiwa moto, na kitu chochote kilichokaushwa juani na kuwekwa kikapuni kibaki nje. Asubuhi na jioni mtoto asukutue kwa maji ya chumvi, halafu apakwe mdomoni ile dawa ya zambarau, asiote utando mweupe. Akatuambia tuyarudie kwa mdomo kama watoto wa shule. Tukayarudia. Wiki iliyofuata aliitwa kwenye semina ya uongozi, mkoa mwingine kabisa, akaenda. Mtu pekee aliyeijua ile sindano alipelekwa kufundishwa namna ya kuhamasisha kilimo cha pamoja. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, na bado najaribu kumpata mtu wa kunieleza ni nani aliyeona jambo hilo kuwa la busara.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili, dirisha la kioo linalotazama barazani, na kuta zilizopakwa chokaa iliyokuwa ikikuachia weupe mgongoni ukiegemea. Kitanda cha kushoto kilikuwa cha Deo. Cha kulia kilikuwa cha Masanja, mtoto wa rika lake kutoka ng'ambo, upande wa Sengerema, ambaye mama yake alimleta kwa feri ya Kamanga. Mama Masanja alikuwa mwanamke mrefu, mfugaji, mwenye sauti iliyozoea kuita ng'ombe, na hakuwahi kujifunza kuipunguza. Mimi nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, yeye akaniita "binti wa Kihaya" mpaka mwisho, hata baada ya kulijua jina langu. Watoto walikuwa na vinywa vya zambarau, na mchezo wao mkubwa ulikuwa kutoleana ndimi ili waone wa nani umeiva zaidi. Jikoni kwa wauguzaji, nyuma ya wodi, tulipika kwa zamu kwenye mafiga: uji wa ulezi asubuhi, mchana ugali na sato wa kuchemsha, mchuzi mwepesi kwa sababu vinywa vyao vilikuwa na vidonda. Sukari ilikuwa ya foleni, na mara nyingi ukifika mbele ya foleni unaambiwa imekwisha. Tuliweka chumvi kwenye uji. Masanja alikunywa. Deo alilalamika, na Mama Masanja akamwambia, "Kunywa, mzee. Ng'ombe wanapenda chumvi na tazama walivyonenepa."

Msimamizi wa wodi alikuwa Sista Eufrasia, mtu wa Bukoba kama sisi, aliyesomea kazi yake vizuri na aliyejua kila alichofundisha daktari na zaidi. Kuingia kwake kulitanguliwa na mlio wa viatu. Siku Mama Masanja aliporudi kutoka kwao na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu walivyokatakata wakavikausha juani kwa ajili ya miezi ya njaa, Sista alimkamata mlangoni. "Hicho nini?" "Michembe, Sista. Ya shamba langu mwenyewe." Sista akachukua kipande kwa ncha za vidole, akakigeuza, akatuonyesha madoa ya kijivu. "Hii ni kuvu! Mnataka kuwaua watoto kwa ushamba wenu! Daktari alisema nini? Alisema nini?" Akamwaga kikapu chote kwenye pipa la taka. Mama Masanja alitazama michembe ikizama kwenye bandeji na maganda, akasema, "Sawa, Sista. Lakini ungempa hata mbwa." Sista alikuwa na haki. Nasema hivyo bila kuficha. Madoa nilikuwa nimeyaona, na chakula kile hakikupaswa kuvuka mlango ule. Nimelieleza tukio hili ili ijulikane kwamba hakuna mtu pale anayeweza kusema hakujua.

Ndugu Katibu alikuwa karani wa stoo ya hospitali, na kwa kuwa stoo ilikuwa tupu alikuwa na muda. Alikuwa pia katibu wa tawi la Chama hapo kazini, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya. Alitembea mikono nyuma, kalamu nyingi mfukoni, na alikuwa na desturi ya kusimama mbele ya kitu kizima, ukuta au tangi la maji, akakitikisia kichwa kana kwamba ameshakikubali. Habari ya ujio wa Mgeni Rasmi ilipotoka mkoani, alibadilika, akawa mtu anayekimbia. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya dirisha la chumba cha chai cha wauguzi, nikisubiri sufuria yangu ya maji ichemke pembeni, nikawasikia wakifanya kikao. Hawakujadili sindano zilizobaki wala sabuni. Walijadili mapambo. Huku kwetu mgeni mkubwa hapokelewi bila migomba. Inakatwa mizima, inasimamishwa kila upande wa njia na mlango, majani yake yanakutana juu, na mgeni anapita katikati kama bwana harusi. Katibu alisema ameshaongea na watu wenye migomba bondeni, kwenye kijito. Mtu mmoja akasema, "Tatizo ni mbuzi wa kota za wafanyakazi, Ndugu Katibu. Mwaka ule walimaliza mapambo yote kabla mgeni hajafika. Alikuta vigogo." Watu wakacheka. Katibu hakucheka. "Basi iwe ndani," alisema. "Ndani wapi?" "Chumba cha kioo. Hapo ndipo Mgeni atakapopigia picha. Dawa za kigeni, watoto wetu, na kijani cha taifa letu nyuma yao." Nilijua Sista Eufrasia yumo humo, nilikuwa nimesikia viatu. Nikangoja apige kelele kama siku ile ya pipa la taka. Nikasikia sauti yake, nyembamba, sauti ambayo hakuwahi kututolea sisi: "Ni wazo zuri, Ndugu Katibu."

Migomba iliingia mchana wa siku hiyo, kila mmoja ndani ya debe la mafuta lililojazwa udongo mweusi wa bondeni, udongo unaovuja maji na kunuka vyura. Madebe yalizungushiwa karatasi za rangi. Mmoja ulisimama kichwani kwa Deo, mwingine kichwani kwa Masanja, mingine miwili mlangoni. Vibarua walioibeba waliacha nyayo za matope juu ya sakafu tuliyokuwa tukiifuta asubuhi na jioni, mimi na Mama Masanja, kwa magoti. Watoto walifurahi. Deo alisema sasa wanalala shambani. Mgeni alikuwa aje Ijumaa. Ijumaa ikasemekana atakuja wiki ijayo. Wiki ijayo ikasemekana barabara imeharibika, mvua, asubiriwe. Yale yalikuwa masika, chumba hakikuwa na hewa, na mgomba uliokatwa hauna mizizi ya kunywea udongo wowote hata ukiupa debe la dhahabu. Ulianza kulainika chini. Shina likageuka rangi ya chai, likatoa maji ya kunata, kisha juu ya maji yale pakaota manyoya meupe, na baada ya manyoya meupe yakaja meusi, laini, mazuri kwa kweli ukiyatazama karibu, kama masizi. Nilimwambia Sista. Akasema Katibu ameagiza isiguswe. "Ila nitaiangalia," alisema. Kuiangalia kulikuwa hivi: kila asubuhi, akiwa amejifunga kitambaa cheupe puani na mdomoni kama daktari alivyofundisha, baada ya kutukagua mikono na kucha na kumfukuza shangazi wa mtu aliyekuja na chungwa lisilomenywa, Sista Eufrasia alichukua kopo na kuimwagilia migomba maji. Nimewahi kuona watu waoga. Mtu mwoga anayekimbia namwelewa. Sijamwelewa mpaka leo yule anayesimama, akajifunika pua yake mwenyewe, akamwagilia.

Mimi sikuwa mtu wa kuongea. Hata dukani nilikuwa nasonta kwa kidole. Lakini Masanja alikuwa amechomwa sindano yake siku hizo hizo, na Sista, kwa ratiba aliyoiacha daktari, na Deo alikuwa amechomwa ya kwake siku kadhaa kabla, na mimi nilikuwa nimerudia kwa mdomo maneno ya daktari. Nikaenda stoo. Katibu alikuwa amekaa kati ya rafu tupu, redio imewashwa. "Shikamoo." "Marahaba. Sema." Nikasema nikiangalia viatu vyake, kwamba daktari alikataza udongo usiingie chumbani, kwamba migomba inaoza, kwamba watoto hawana askari wa damu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo namkubalia. Kisha akapunguza redio. "Binti, umesoma mpaka darasa la ngapi?" "La saba." "Na hukuambiwa huko shuleni kwamba udongo ndio uchumi wa nchi hii?" "Mkoloni ndiye aliyetufundisha kuuogopa udongo. Mimi nimezaliwa juu ya udongo, nimekula udongo, na tazama." Akajipiga kifua kunionyesha. Kifua kilikuwa kizima kabisa, kilipata chakula chote kilichostahili. "Mgeni akishaondoka tutaitoa. Nenda kamfundishe mdogo wako wimbo." Akaongeza redio.

Niliporudi nikamsimulia Mama Masanja. Alikuwa anamenya viazi. Akamaliza kiazi alichoshika, kisha akauliza, "Walisema wameiingiza ndani kwa sababu ya nini?" Nikamwambia, kwa sababu ya mbuzi. "Basi," akasema, "mbuzi wenyewe wana kosa gani?" Alfajiri iliyofuata, wauguzi wa zamu wakiwa wamekwenda kunywa chai, tuliiburuta migomba yote mpaka nje ya baraza, yeye akishika debe na mimi nikishika shina, nikihisi lile shina likibonyea mikononi kama mtu mgonjwa. Kabla jua halijapanda vizuri mbuzi wa kota walikuwa wamefika, mama zao na watoto wao, na walikula kwa heshima zote, wakianza na majani. Tulifuta sakafu kwa dawa. Tulifuta mpaka chini ya vitanda, kuta tukazifuta pia, chokaa ikatoka. Kisha Mama Masanja akaniambia, "Wakiuliza, wewe kaa kimya kama kawaida yako. Tukifukuzwa wote wawili nani atawapa hawa uji?"

Katibu alikuja na nusu ya hospitali nyuma yake. Madebe yalikuwa yamelala ubavu, na beberu mmoja bado alikuwa na karatasi ya rangi mdomoni. "Nani amefanya hivi?" Mama Masanja alikuwa anamlisha mtoto, hakuinuka. "Mbuzi, Ndugu Katibu." "Mbuzi hawafungui mlango!" "Labda walisikia Mgeni anakuja." Mtu mmoja kwenye kundi akacheka, akajifanya anakohoa. Katibu akamgeukia. "Unajua huu ni uhujumu? Mapambo ya taifa!" "Nitajuaje," alisema Mama Masanja, "na mbuzi watajuaje. Hawajasoma siasa." Alifukuzwa wodini siku hiyo hiyo. Walisema amekiuka kanuni za usafi. Sista Eufrasia ndiye aliyemtolea kikapu chake mlangoni, macho akiyaweka mahali pengine. Na jioni ikaletwa migomba mipya, mirefu zaidi, na udongo mpya uliolowa zaidi, kwa kuwa sasa jambo lilikuwa la heshima ya mtu.

Kuanzia hapo nikawa na watoto wawili. Niliwapikia, niliwapaka zambarau, niliwavuta vitanda mbali na madebe kila usiku, na kila asubuhi Sista akavirudisha mahali pake kwa ajili ya picha. Niliwafunika pua kwa kanga iliyochemshwa, Masanja akaitupa, alisema inanuka moshi. Aliuliza mama yake yuko wapi. Nilimwambia amekwenda kutazama ng'ombe. Hakuwa amekwenda. Alikuwa analala sokoni Igogo kwa mtu wa kwao, na kila siku alifika kwenye lango la hospitali na uji kwenye kopo, mlinzi akaupokea na kumwambia arudi. Asubuhi ya Mgeni kuja kweli, Masanja aliamka na kikohozi kikavu na paji la uso lina moto. Nilimwita Sista. Alimgusa, akarudisha mkono haraka. Aliijua maana yake, nilimwona akiijua. Kisha akamwinamia mtoto, akamrekebishia shuka, akamwambia kwa upole kabisa, "Mgeni akifika, baba, ujitahidi usikohoe."

Mgeni alifika saa ambayo hakuna aliyeitegemea, kila mtu akakimbia. Kulikuwa na kikundi cha ngoma cha akina mama kilichokusanywa mtaani, wamefunga kanga za aina moja, na kilicheza kutoka langoni mpaka barazani, kikimtangulia. Mimi nilikuwa ndani ya chumba, nimesimama ukutani nyuma ya mgomba, mahali nilipoambiwa nisionekane. Niliisikia ile sauti kabla ya kumwona mwenyewe. Hakuna sauti nyingine Mwanza nzima iliyokuwa kama ile. Masanja akainuka kitandani. Mama Masanja alikuwa kwenye mstari wa mbele, amefunga kanga ya kikundi, amejipaka chokaa usoni, anacheza. Mlango wa hospitali uliofungwa kwa mama wa mgonjwa ulikuwa wazi kwa mcheza ngoma, naye alikuwa ameliona hilo, akaenda kujiandikisha kucheza. Wimbo ulikuwa wa Kisukuma, wa kumsifu Mgeni, wanawake wakiitikia. Lakini alipofika kwenye dirisha yeye akachukua nafasi ya kuanzisha, akainua mkono, na maneno aliyoyaimba nilikuwa nayaelewa kwa sababu nimekulia Igogo. Alikuwa anauliza: Masanja, umekula? Masanja, unalala vizuri? Nani anakukuna mgongo? Wanawake wakaitikia kila mstari kwa nguvu, bila kujali, na ngoma ikapiga. Masanja aliweka kiganja kwenye kioo, akacheka, ulimi wa zambarau ukaonekana. Kisha akakohoa. Mgeni Rasmi akamwuliza Katibu wanawake wanasema nini, na Katibu, ambaye hakujua neno la Kisukuma zaidi ya salamu, akajibu, "Wanakushukuru kwa dawa, mzee."

Mgeni hakuingia ndani. Alisimama kwenye kioo, akatazama zile nyuso zilizovimba, akarudi hatua nyuma na kuuliza kama ugonjwa huu unaambukiza. Aliambiwa hauambukizi. Akasema hata hivyo atapigia picha nje. Mpiga picha akahangaika na kivuli, akamwambia mtu asogeze mgomba wa kulia kidogo, jani likashuka likafunika kitanda cha Masanja. Picha ikapigwa. Ndiyo hiyo. Yote yale, bonde lote lile lililohamishiwa vichwani kwa watoto, mtu aliyeandaliwa bonde hilo hakuingia humo.

Daktari alirudi kutoka semina siku chache baadaye, akiwa na begi la karatasi za kilimo, akasimama mlangoni kwetu bila kuvua koti. Alibeba debe la kwanza mwenyewe. Hakupiga kelele, nami nilitaka apige. Alimrudisha Mama Masanja wodini kwa amri yake, na Katibu hakupinga. Mgeni alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo watoto hawakuwa tena na umuhimu. Lakini Masanja alikuwa ameanza kutema damu kidogo, na ndani ya pua yake palikuwa na kitu cheusi kama yale masizi yaliyokuwa kwenye shina. Dawa ya kuvu iliyofaa kwa hilo hapakuwa nayo hospitalini, wala mjini. Alifia mikononi mwa mama yake, mchana, uji ukiwa bado moto. Deo alipona. Nilimwuliza daktari kwa nini mmoja na si mwingine, akaniambia ukweli kama alivyozoea: "Damu ya Deo ilikuwa imeshapanda. Ya Masanja ilikuwa chini kabisa." Nikamwuliza kama ni migomba. Akasema kuvu iko kila mahali, hawezi kuapa. "Lakini ile iliyopitishwa mlangoni," alisema, "ungeweza kuizuia hata wewe." Nikamwambia tulijaribu. Nilimsindikiza Mama Masanja mpaka kwenye feri. Alikuwa bado amevaa kanga ya kikundi, hakuwa na nyingine. Aliniambia nimfikishie mdogo wangu salamu, akaingia.

Haya yote niliyakumbuka pale Buhongwa, nimeikalia ratiba, mvua ikidondoka kutoka kwenye turubai. Walisema marehemu alikuwa mtu wa watu. Walisema alijenga. Mzee mmoja, ndiye yule aliyecheka siku ya mbuzi akajifanya anakohoa, alisema marehemu alipenda sana watoto na mazingira ya kijani. Nilimtafuta kwa macho Sista Eufrasia, nikakumbuka ameshakufa muda mrefu, na nikaona kwamba hata yeye ningependa awepo, akae karibu nami, asikilize. Huenda angefunga tena kitambaa puani.

Kisha mwongoza shughuli akaita: "Sasa tunamkaribisha ndugu yetu Deogratias, ambaye mnamwona kwenye picha hii akiwa mtoto mdogo. Yeye ni ushahidi hai wa wema wa marehemu." Deo aliinuka. Ni mzee sasa, taya la kushoto limeingia ndani kidogo, meno ya upande huo hayakuota tena. Sikuwa nimemwambia aseme nini, na hakuwa ameniuliza. Alikuwa mtoto wakati ule, nilidhani amesahau. Alichukua kipaza sauti kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaichukua ile picha kutoka mezani, akaigeuzia watu.

"Huyu wa kushoto ni mimi," alisema. "Chumba kile kilikuwa na vitanda viwili. Kwenye hicho cha pili kuna rafiki yangu, anaitwa Masanja. Hamumwoni, amefunikwa na mgomba. Na huu mkono ni wa mama yake."

Akairudisha picha mezani, akairekebisha isimame vizuri, akaja kukaa karibu nami. Watu walisubiri aendelee. Mwongoza shughuli akangoja kidogo, akatazama ratiba, akaona bado kuna wasemaji.

"Ahsante sana kwa ushuhuda huo mzuri," alisema. "Tumpigie makofi."

Wakapiga.